Nyumba ya Karen imesimama. Ya Murumbi iko wapi?

Kuna ugonjwa ulinishika mwaka jana na mpaka leo sijapona. Naangalia video za watu wakikarabati makasri ya zamani huko Ufaransa. Saa saba usiku, niko kitandani Waithaka, data imebaki kidogo, na mimi nimekodoa macho naangalia mama mmoja akikwangua rangi kuukuu kwenye fremu ya dirisha, utadhani dirisha ni langu.

Mnawajua Dick na Angel Strawbridge? Ni Waingereza. Mwaka 2015 walinunua Château de la Motte-Husson kwa pauni 280,000, pesa ambayo London inakupa chumba na jikoni. Kasri zima, limezungukwa na maji kama kisiwa, lakini ndani hakuna stima, hakuna maji ya mfereji, hakuna joto. Wakaingia na watoto wawili, wakaanza kuziba paa, na televisheni ikawafuata. Sasa kila msee Ulaya aliyechoka na kazi ya ofisi anataka kasri lake.

Lakini lililonimaliza kabisa ni La Mothe-Chandeniers. Hilo liliungua mwaka 1932 na likaachwa. Miti ikaota ndani ya kuta mpaka ukiliangalia kwa droni unaona msitu umevaa kasri. Mwaka 2017 watu wakachangishana kwenye intaneti, hisa moja euro 50, na zaidi ya watu 20,000 kutoka kila pembe ya dunia wakalinunua pamoja. Hebu fikiria. Hiyo ni harambee! Ni ile ile ya grupu la WhatsApp ya bili ya hospitali ya mjomba, tofauti ni kwamba mjomba hapa ni jengo.

Sasa kabla hamjaniuliza Ufaransa inanihusu nini, nawaeleza ilivyonipeleka kwa Karen.

Baada ya kushiba hizo video nilijiambia, wacha nifanye ya kwetu. Nikaenda nje ya lango la Makumbusho ya Karen Blixen, nikasimama na simu yangu, nikarekodi dakika moja na nusu ya hasira. Nilisema hii ni nyumba ya mkoloni, tunaifagia ya nini, tunaipaka rangi ya nini, ingebomolewa kitambo na mahali pake pajengwe hospitali. Manze, hiyo video ilitembea. Komenti zikaja kama mvua ya Aprili, wengi wakinipigia makofi. Halafu mtu mmoja, hata picha ya wasifu hana, akaandika hivi: "Ile ya Murumbi ilibomolewa. Wewe ulipata nini?"

Nilikaa na hiyo komenti siku mbili bila kuijibu. Ukweli ni kwamba sikujua Murumbi alikuwa na nyumba. Jina nilikuwa nalijua kutoka kitabu cha shule, yule makamu wa rais wa pili, mstari mmoja halafu unafungua ukurasa. Kwa hivyo nilisoma. Na kadiri nilivyosoma ndivyo ile video yangu ilivyozidi kuniaibisha. Sijaifuta. Nataka ikae pale ili hii ya leo iwe majibu yake.

Tuanze na nyumba ya Karen, maana hapo ndipo nilikosea kwanza. Nilidhani imesimama kwa sababu wakoloni walijenga vizuri na serikali inawaogopa. Stori yenyewe imepinda zaidi ya hapo.

Iliijengwa na Mswidi mmoja, Åke Sjögren, mwaka 1912. Karen Blixen alifika kutoka Denmark mwaka 1914 kuolewa na Bror, wakaishi kwanza nyumba nyingine ya karibu, halafu wakahamia hii mwaka 1917. Mbogani, ndivyo ilivyoitwa, nyumba ya msituni. Si kasri. Ukiizoea Ufaransa ya kwenye simu yangu utaicheka: nyumba ya ghorofa moja tu, mawe, vigae, veranda, mbao ndani, na mbele yako milima ya Ngong. Shamba ndilo lilikuwa kubwa. Ekari 6,000, na kahawa kwenye ekari kama 600 hivi, mahali palipo juu sana kwa kahawa, baridi, na mvua inayokuja ikitaka. Ndoa ikavunjika, kiwanda cha kahawa kikashika moto, bei ya kahawa ikaanguka, na mwaka 1931 kila kitu kikauzwa. Mwezi wa tano mwaka huo huo Denys Finch Hatton, yule mpenzi wake, akaanguka na ndege Voi. Miezi michache baadaye mama akapanda meli, na hakurudi tena.

Aliyenunua, Remy Marin, alikuwa mtu wa viwanja. Akalikata shamba vipande vya ekari 20 ili auze. Mtaa wa Karen mnaousikia leo, wenye ua mrefu na farasi, umezaliwa kwa kisu cha broka wa ardhi. (Kuhusu jina, kuna wanaosema ni la Karen Blixen na kuna wanaosema ni la binamu yake Karen Melchior, ambaye baba yake alikuwa mwenyekiti wa kampuni ya kahawa. Mimi sitaingia hapo, watu wa Karen wagombane wenyewe.)

Sasa angalia nyumba ilivyookoka. Mwaka 1935 ikanunuliwa na afisa wa jeshi, Lloyd, akaishi humo mpaka akafa 1954. Ikapita mikono mingine. Kenya ikapata uhuru, na mwaka 1964 serikali ya Denmark ikainunua pamoja na uwanja wake na kuipa Kenya kama zawadi ya uhuru. Pale pakajengwa chuo, wasichana wakasomea mambo ya lishe. Nyumba ya yule mama ikawa sehemu ya chuo, miaka 20 hivi. Halafu mwaka 1985 Hollywood ikaja na Meryl Streep na Robert Redford, na makumbusho yakafunguliwa 1986, wakati dunia nzima bado inaimba hiyo filamu. Na hapa kuna kichekesho: nyumba mnayoiona kwenye filamu si hii. Walipiga picha ile ya kwanza, aliyokaa kabla ya 1917.

Kwa hivyo hakuna aliyekaa chini akasema tuhifadhi urithi. Kilichotokea ni kwamba kila mara kulikuwa na mtu ndani. Familia, kisha wanafunzi, kisha watalii. Nyumba ikizeeka si tatizo. Tatizo ni paa likivuja na hakuna mtu chini yake wa kuweka ndoo. Na mwishowe, tuseme ukweli, ikaokolewa na kitabu kilichouzwa nje na filamu iliyoshinda Oscar saba. Denmark ilikuwa na sababu ya kulipa. Amerika ilikuwa na sababu ya kuja kupiga picha. Sisi tukapewa funguo.

Hilo ndilo jambo la kwanza lililonifanya niache kelele. La pili liko tao.

Karen alipokuwa anaondoka aliuza vitu vya nyumba. Baadhi vilinunuliwa na Lady McMillan, na vikaishia kwenye maktaba ya McMillan, pale Banda Street, jirani na msikiti wa Jamia. Vilikaa huko miaka mingi kabla ya makumbusho kuvirudisha Karen. Kwa hivyo viti vilivyokuwa vinakaliwa na watu wa shamba la kahawa vilikuja mjini vikakaa maktaba, halafu vikarudi. Mimi nimekaa maktaba hiyo bila kujua. Nilipoacha chuo, maktaba ya chuo ilitaka kitambulisho cha mwanafunzi na changu kilikuwa kimekufa. Nikahamia McMillan. Mle ndani niliandika video zangu za kwanza, mezani, na sauti ya adhana ikiingia dirishani saa saba mchana.

Jengo mnalijua hata kama hamjawahi kuingia. Nguzo kubwa za mawe, ngazi, na simba wawili ambao kila mtu Nairobi amepiga nao picha. Sir William Northrup McMillan alikuwa tajiri kutoka St. Louis, Marekani, mtu wa mwili mkubwa na mashamba makubwa zaidi, ndiye aliyemkaribisha Roosevelt Juja mwaka 1909. Alikufa 1925 na kuzikwa Ol Donyo Sabuk. Mjane wake, Lucie, akajenga maktaba kwa kumbukumbu yake, fedha za Carnegie zikasaidia, na ikafunguliwa Juni 1931 na gavana Joseph Byrne.

Soma tena hiyo tarehe. 1931. Mwaka ule ule Karen anafunga mizigo. Gavana yule yule ambaye Karen alikuwa anamwendea kuomba watu wa shamba lake wasitawanywe. Na maktaba ilikuwa ya Wazungu peke yao. Mwafrika hakuruhusiwa kusoma humo mpaka 1958. Miaka 27 wale simba walikuwa wanalinda vitabu dhidi ya babu yangu. Mwaka 1962 halmashauri ya jiji ikakabidhiwa jengo, pamoja na matawi ya Kaloleni na Makadara, na tangu hapo likaanza kuchoka polepole. Kumbuka jengo hili lina sheria yake lenyewe, McMillan Memorial Library Act, Sura ya 217. Sheria nzima ya nchi kwa ajili ya maktaba moja! Na bado rangi ilibanduka, vitabu vikala vumbi, magazeti ya miaka ya ukoloni yakawa yanavunjika mkononi kama chapati ya jana. Sheria haipandi ngazi kuziba paa.

Waliopanda ngazi ni wanawake wawili. Wanjiru Koinange, mwandishi wa riwaya, na Angela Wachuka, mchapishaji. Mwaka 2017 walianzisha Book Bunk, wakakubaliana na kaunti, wakasema tutarudishia jiji maktaba zake tatu. Na hawakuanzia kwa simba. Hapo ndipo nawavulia kofia. Walianzia Eastlands, Kaloleni na Makadara, mahali ambapo hakuna mtalii anayekuja na kamera, wakarekebisha, wakauliza wakaazi wanataka nini, wakafungua. Watoto wa Kaloleni wakapata rafu mpya na viti kabla McMillan kubwa haijaguswa sana. Wakaleta na NBO Litfest, waandishi wakaja kukaa na watu kwenye maktaba hizo. Kuna filamu kuhusu hiyo kazi, How to Build a Library, ya Maia Lekow na Christopher King, ilionyeshwa Sundance Januari 2025. Itafuteni. Utaona pesa inavyotafutwa, wafadhili wenye kumbukumbu zao tamu za ukoloni, mikutano ya kaunti, na wale wafanyakazi wa maktaba waliokaa humo miaka yote bila mtu kuwauliza chochote.

Linganisha na Strawbridge. Dick akitaka kubomoa ukuta anabomoa, kasri ni lake, na alipomaliza alilikodisha kwa harusi. Wanjiru na Angela wanakarabati kitu ambacho hakitakuwa chao, cha kumbukumbu ya mtu ambaye hangewaruhusu waingie. Je, picha yake inakaa au inatoka? Vitabu vinavyowaita watu wetu majina ya ajabu vinakaa rafuni au vinapelekwa stoo? Hayo ndiyo maswali ambayo video za Ufaransa hazinionyeshi, na ndiyo yananifanya nisilale sasa hivi. Ukiziba paa tu umefanya nusu.

Basi, Murumbi.

Kama umewahi kupanga kukutana na mtu tao, umeambiwa "nitakungoja Archives." Kila mtu. Wapenzi, wanaouza simu, watu wa kuchukua mizigo kutoka shagz. Tunasimama pale Moi Avenue tukiangalia saa, na nyuma yetu kuna jengo lililokuwa benki enzi za ukoloni, sasa ni Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa. Ingia ndani siku moja. Ghorofa ya chini imejaa vinyago, ngoma, mapambo, vitambaa, stempu, vitu kutoka Afrika nzima. Hiyo ni Murumbi Gallery. Mwenye vitu ni yule wa mstari mmoja kwenye kitabu cha shule.

Joseph Murumbi alizaliwa 1911, baba Mgoa, mama Mmaasai. Alisoma India. Enzi za hali ya hatari, viongozi wa KAU walipofungwa, yeye akaenda London kupaza sauti ya Kenya, na huko akaanza kutafuta vitabu kuhusu Afrika kwenye maduka ya vitabu vikuukuu. Mkewe, Sheila, alikuwa mtu wa maktaba. Baada ya uhuru akawa waziri wa mambo ya nje, halafu mwaka 1966 makamu wa rais. Miezi michache tu, akajiuzulu. Rafiki yake Pio Gama Pinto alikuwa ameuawa 1965, na wengi wanaunganisha hayo mawili. Mwaka 1972 alianzisha African Heritage na Alan Donovan. Na muda wote huo anakusanya. Vitabu na nyaraka kama 50,000, kati yake vitabu 8,000 hivi vilivyochapwa kabla ya 1900.

Wageni walitaka kununua mkusanyiko huo kwa pesa nyingi. Akakataa. Miaka ya 1970 akauzia serikali ya Kenya kwa bei ya chini, vitu pamoja na nyumba yake ya Muthaiga, kwa sababu alitaka vikae nyumbani. Mpango ulikuwa nyumba iwe taasisi ya masomo ya Afrika yenye jina lake. Msomi anakuja, analala pale, anasoma vitabu vya Murumbi ndani ya vyumba vya Murumbi, chini ya miti aliyopanda Murumbi.

Nyumba ikaachwa. Ikabomolewa. Miti ikakatwa, ardhi ikaenda kwa watu. Vitu viliokoka, viko Archives na vingine Nairobi Gallery, lile jengo la 1913 pale Kenyatta Avenue inapokutana na Uhuru Highway. Lakini nyumba haipo. Mzee mwenyewe alifariki 1990 na kuzikwa City Park, karibu na Pinto.

Sasa weka hizo mbili pamoja. Mama wa Denmark aliyekaa miaka 17 na akafilisika, nyumba yake inafagiliwa kila asubuhi. Makamu wa rais wa Kenya, mwana wa mama Mmaasai, aliyeipa nchi kila alichokuwa nacho, hana hata kizingiti cha mlango. Na si mkoloni aliyeibomoa. Wakati inabomolewa bendera ilikuwa yetu, mihuri ilikuwa yetu, kalamu iliyotia sahihi ilikuwa mkononi mwa mtu wetu.

Ndiyo maana ile video yangu ilikuwa ujinga. Nilikuwa nadai tubomoe, na kubomoa ndiyo kazi pekee ambayo Nairobi haihitaji kuhimizwa. Kila wiki kuna nyumba ya zamani Kileleshwa au Lavington inalala chini ili ghorofa 16 zisimame, na hakuna anayepiga hata picha. Kama ningepata nilichotaka, Karen ingekuwa imeenda na hakuna kiti hata kimoja cha Murumbi kingerudi. Ningekuwa nimepoteza mbili.

Lakini sitaki mnielewe vibaya, sijageuka shabiki wa veranda. Kwenye kitabu chake Karen anaeleza kwamba katika zile ekari 6,000, kama 1,000 zilikuwa mashamba ya maskwota. Neno hilo lenyewe ni tusi. Skwota ni Mkikuyu aliyekuta ardhi imeandikwa jina la mtu mwingine. Kwa sheria ya 1918, ili ukae na familia yako kwenye shamba la Mzungu ulitakiwa kumfanyia kazi siku 180 kwa mwaka. Nusu ya maisha, kodi ya kuishi kwenu. Shamba lilipouzwa 1931 wale watu waliambiwa wahame. Karen aliwatetea, hilo nampa, alizunguka ofisi za serikali mpaka wengi wao wakapewa sehemu kwenye msitu wa Dagoretti wakae pamoja. Ndipo mama ake Cucu akafika huku kwetu.

Ndiyo, hapo sasa mmejua kwa nini nilikasirika mwanzoni.

Mama yake Cucu alichuma kahawa kwenye lile shamba akiwa msichana. Cucu alizaliwa baadaye, huku Dagoretti, na maisha yake yote hajawahi kuingia makumbusho. Baada ya ile komenti kunikalia kichwani niliamua kumpeleka. Akavaa ile kabuti yake ya kanisa. Mimi huniita mzee wangu, kwa sababu nimebeba jina la mumewe, na njiani kwenye matatu alikuwa ananiuliza, "Mzee wangu, tunaenda kumwona nani?" Nikamwambia, "Cucu, tunaenda kwa yule Mzungu wa kahawa." Akasema, "Lakini si alienda?"

Tulizunguka nyumba. Aliangalia kitanda, akaangalia jikoni zaidi, akasema sufuria ni nzuri. Nje akaona mitambo ya zamani ya kahawa imesimama kwenye nyasi, akaigusa kwa kiganja, kama unavyogusa ng'ombe. Halafu akaipa nyumba mgongo na kutazama milima ya Ngong. Alikaa hivyo kwa muda mpaka nikadhani amechoka. Nikamuuliza anaangalia nini. Akaniambia kwa Kikuyu kwamba mama yake alimwelekeza: ukisimama mlangoni kwetu asubuhi, vile vilele vinne vyote unaviona, hakuna kinachojificha nyuma ya kingine. Hapa tuliposimama aliviona, lakini vimekaa vibaya.

Nikamwambia, basi Cucu, twende tutafute.

Kama kuna kitu ningeomba, ni hicho alichokuwa anatafuta yeye. Njia ndogo ya miguu, kibao cha mbao, majina ya familia zilizohamishwa 1931, yale yanayokumbukwa, kabla wanaoyakumbuka hawajaisha. Wako Waithaka, Mutuini, Ruthimitu, Uthiru, na kila mwaka wanazikwa. Muthaiga hata jiwe moja tu lenye jina la Murumbi, pale nyumba ilipokuwa. Ni kazi ya pesa ndogo. Wafaransa walichanga euro 50 kila mmoja kwa kasri la watu wasiowajua, na sisi harambee ndiyo tulizaliwa nayo. Sheria ya makumbusho na urithi ya 2006 inaruhusu mahali kutangazwa mnara wa taifa, na haijasema mahali hapo lazima pawe na nguzo za mawe. Mimi naweza kurekodi. Simu ninayo, na wazee wako kwetu. Tayari nimeanza na wawili. Ukiwa na nyanya au guka ambaye wazazi wake walitoka hilo shamba, niandikie, nitakuja na mkate.

Siku hiyo tulitoka makumbusho tukatembea kando ya barabara, Cucu mbele, anasimama, anageuka, anaangalia milima, anatembea tena. Mimi nilikuwa nyuma na mwavuli. Tulipita ua mmoja, wa pili, wa tatu, yote imekatwa kwa rula, na nyaya za stima juu. Mahali fulani akasimama kabisa. Vilele vinne, vyote. "Ni hapa," akasema, "ama ni karibu na hapa."

Palikuwa na lango jeusi. Askari wa pale akafungua kidirisha, akatuamkia vizuri, akauliza, "Mama, mnatafuta nani?"

"Hatutafuti mtu," Cucu akamwambia. "Tunaangalia tu."

Kijana wa watu akafikiria, akatazama nyuma kama kuna anayemwona, akasema basi angalieni mkiwa upande ule wa barabara. Tukavuka.